Lenzi Iliyonenepesha Watu wa Pembeni

Nilipopata habari kwamba Papa Kasereka amefariki kule Beni alikohamia uzeeni, sikulia kwanza. Nilipanda juu ya kiti, nikashusha kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati langu miaka yote hii, nikalifungua nione kama lenzi bado imelala ndani ya mchele wake. Ilikuwepo, imefungwa katika kitambaa cha flaneli, na ule ukanda mweusi wa mpira wa baiskeli bado umeizunguka katikati. Ndipo nikalia. Kesho yake asubuhi nilipata nafasi katika gari la kutoka Butembo kwenda Beni, nikakaa na kopo magotini njia nzima. Kila tulipofika kwenye kizuizi, askari aliniuliza nimebeba nini, nami nikajibu kwamba ni mchele, na sikuwa nimesema uongo. Nina miaka arobaini na saba. Tangu ugonjwa wa mwaka jana nguo zangu zote zinanipwaya, na waombolezaji waliponiona nikiingia uani waliangalia chini kwa adabu. Adabu ya namna hiyo inaniudhi kuliko kuambiwa wazi kwamba nimekonda.

Papa Kasereka alikuwa mpiga picha wa Butembo, na ndiye aliyenifundisha kazi. Sitaandika maisha yangu yote hapa. Nataka mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, kwa sababu nikijiuliza nilianza lini kuwa mtu wa kusema "naweza" mbele ya watu wazima, jibu ni mwaka ule. Studio yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti cha mikono na kioo cha wateja kuchania nywele. Cha nyuma kilikuwa saluni, yaani sebule ya nyumba yake, na humo mke wake, Mama Kahindo, alipika kwenye mbabula, jiko la makaa, karibu na mlango ili makaa yatuondolee baridi. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao tupu. Ukiwa mbele ulisikia ugali wa muhogo ukisongwa, samaki wa Vitshumbi wakikaangwa, na ukisemwa ulijisikia ukisemwa. Nilikuwa nimetoka kushona nguo kwa shangazi yangu, kazi niliyoichukia toka moyoni, na Papa Kasereka alikuwa amenipa ufunguo wa studio nifungue asubuhi na kufagia. Ufunguo ule niliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Lenzi aliinunua kwa padiri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Hata wakati ule ilikuwa ya zamani, nzito, ya chuma, na kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama kisahani cha kikombe. Ilikuwa na pete ya kuzungusha. Ukiipeleka upande mmoja, hadi namba ishirini na moja, chumba kizima kinaingia ndani ya picha, kuta zote na dari. Ukiirudisha hadi thelathini na tano, unabaki na watu wachache walio mbele yako. Ubaya wake ni kwamba ikifunguliwa yote hunyoosha kila kilicho pembeni. Aliye katikati hutoka alivyo, lakini aliye mwisho wa mstari huongezeka mashavu, mabega na tumbo. Papa Kasereka aliijaribu mara mbili, akaitia katika kopo lenye mchele mkavu ili ukungu wa Butembo usiingie kwenye kioo, akaisahau. Alisema ni ya kupiga milima, na milima hailalamiki.

Mimi sikuisahau. Siku moja alikuwa na malaria, nikatumwa peke yangu kwenye harusi, nikaichukua bila ruhusa. Ukumbi ulikuwa mdogo, watu wengi, na mimi nilifurahi kuona wote wanaingia. Sikukumbuka jambo ambalo kila mtu wa mji wetu analijua: katika picha za familia katikati ni pa maharusi, na wakubwa husimama miisho yote miwili kuufunga mstari. Kwa hiyo wale hasa waliostahili heshima ndio lenzi iliowafanyia vituko. Baba mkubwa wa bwana harusi alitoka na kichwa cha kulala ubavu na tumbo la watu wawili. Familia ilirudisha picha zote. Papa Kasereka hakunipigia kelele, alikaa kwenye kiti cha mikono akaziangalia moja moja, na mimi nikatamani angepiga kelele. Kichekesho ni kwamba habari ilipofika sokoni iligeuka. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alikuja akasimama mlangoni.

"Kavira, ile objectif ya kunenepesha iko wapi? Muniweke pale ku mwisho. Batu banasema nimekonda, batahofia kunipatia mali ya deni."

Hata askari mmoja aliyetumwa kwetu kutoka mbali, mtu wa Kilingala, aliniambia, "Petite, tia ngai na coin," yaani nimweke kwenye kona, naye apate kifua cha kutuma kwao. Papa Kasereka aliwafukuza wote. Alisema hiyo ni studio, siyo duka la nyama.

Katika miezi ile Butembo ilijaa watu waliokimbia vita upande wa Eringeti. Familia moja ilipanga nyumba ya mbao na udongo nyuma ya parokia yetu: bibi mmoja, koko kwa lugha yetu, tuliyemwita Koko Katungu, watoto wake wawili wa kiume, Paluku na Kambale, na wake zao na watoto, jumla watu kumi na saba. Paluku alikuja studio akaomba picha ya wote pamoja na mama yao. Nilitumwa kwenda kuangalia mahali. Koko alikuwa kitandani, miguu haimbebi tena, amekonda hata shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko mkono wangu. Chumba nilikipima kwa hatua: tano kwa nne. Nikasema itabidi atolewe uani, kwenye nafasi. Koko alifumbua macho.

"Kunitosha inje na kitanda, ile ni siku moja tu, ya kunizika, na haiyafika."

Paluku akamwambia kwa upole, "Mama, Papa Kasereka anaweza piga bamoja, kisha bengine, halafu anakata na makasi, anabandika. Batu bote banafanyaka vile."

"Hapana," alisema. "Ku barabara ya Eringeti tulipotezana siku kumi na mbili. Mie nilikuwa nafikiri mumekufa bote. Sasa Mungu ametukusanya mu nyumba moja, na munataka kututenganisha tena na makasi? Kambale anaenda Mutwanga nyuma ya juma mbili, ameshapata shamba. Weye unarudia Eringeti kuona mihogo yetu. Mie sitabaona tena fasi moja. Bote mara moja, ao muache."

Hakuna aliyenituma kufungua mdomo. Lakini nilimwangalia yule bibi, nikaangalia dirisha lake dogo lisilo na kioo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Koko, mie naweza. Bote, mara moja, humu ndani."

Nilirudi studio. Nilimweleza Papa Kasereka, akaingia nyuma kwa mke wake, nami nikabaki nafuta kioo cha wateja ambacho nilikuwa nimeshakifuta.

"Ile objectif itanimalizia jina," nilimsikia nyuma ya mbao. "Batasema studio ya Kasereka inachekeleaka bazee."

"Mais mutoto iko na bidii," alisema Mama Kahindo, na mwiko haukusimama. "Kama hapana mwamini, ulimupatia ufunguo ya nini?"

Kisha Papa Kasereka, "Bon. Aende. Lakini akiharibu tena sura ya muzee mumoja, ufunguo anaweka hapa ku meza, anarudia ku kushona. Na wewe usimutetee."

Leo nikisikia vijana wakisema mwalimu mzuri ni yule asiyekutisha, nakumbuka ule ukuta wa mbao. Mimi nilitishwa, na ile hofu ndiyo iliyonifanya nifanye kazi kama sijawahi. Nilikuwa na siku nane. Kila saa ambayo hapakuwa na mteja nilipanga viti, vigoda na sufuria za Mama Kahindo katika saluni, kumi na saba kwa hesabu, nikaviangalia kupitia kamera isiyo na pelikili, yaani filamu. Niligundua kwamba ukiiinamisha lenzi kidogo tu, kuta zinaonekana kuanguka. Lazima ikae sawasawa, kwenye kimo cha kifua. Pete yake ilikuwa imelegea kwa uzee, ikielekea chini inateleza yenyewe, ndipo nikakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli nikaifunga. Mwanga wa ubavuni uliisumbua, nikaitengenezea kofia kwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni. Kwenye thelathini na tano sufuria zilikuwa nzuri, lakini zilizoonekana ni tisa. Kwenye ishirini na moja zilionekana zote, na mbili za mwisho zikalala ubavu. Nikazipanga kwa upinde badala ya mstari mnyoofu, uharibifu ukapungua, haukuisha.

"Kavira," aliita Mama Kahindo, mikono kiunoni, "sufuria yangu iko na pose ingine, ao leo tutakula?"

Tulikula maharagwe siku ile saa kumi alasiri, na Papa Kasereka, ambaye alikuwa hajasema nami neno tangu Jumatatu, alisukuma bakuli upande wangu akauliza, "Ku mwisho utaweka nini?" Nilikuwa nimefikiria kuweka kabati au mkungu wa ndizi, kitu ambacho kikinenepa hakilalamiki. Lakini chumba cha hatua tano kwa nne chenye watu kumi na saba hakina nafasi ya kabati. Lazima mtu awe mwisho. Nikamjibu kwamba sijui. Alitikisa kichwa, akala.

Jumamosi asubuhi nilifika kwa Koko Katungu na kamera, lenzi, na mfuko mdogo wa maharagwe. Hawakukubali nianze kazi kabla ya kula, nikapewa viazi na mboga za lenga-lenga, na nilikula nimesimama kwa sababu vigoda vyote vilikuwa vimeshapangwa. Ndani palikuwa giza. Nikamwambia Kambale, "Papa, tutoshe bati moja." Alidhani namtania. Kisha akapanda juu na nyundo, akang'oa bati, na mwanga wa ukungu ukashuka katikati ya chumba, mweupe na mpole, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ukutani palikuwa na sanamu ya Bikira Maria na kalenda ya parokia. Mimi nilitoka nje, nikaondoa mbao za dirisha, nikaweka mfuko wa maharagwe kwenye kizingiti na kamera juu yake, mgongo wangu ukiwa umebanwa na ukuta wa jirani. Nikaangalia. Wote walikuwa ndani ya picha. Na Paluku na Kambale walikuwa wameshasimama, mmoja kila mwisho, vifungo vya koti vimefungwa, wanangoja.

Nilirudi ndani. Nikamwambia Paluku, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, aje katikati.

"Weye ni mutoto ya nani, kuniondosha fasi yangu?" alisema. "Tangu baba yetu alikufa, ni mie nafungaka mustari."

"Papa, nikikuacha pale batakucheka."

"Bacheke."

"Mie sitapiga," nilisema. "Papa, unisamehe. Kama unabakia pale, sitapiga."

Matone ya kwanza ya mvua yalianza kuanguka kupitia lile tundu la bati. Nilishika ufunguo shingoni mwangu bila kufikiri, nikajiona nimeshakaa kwenye cherehani ya shangazi. Ndipo Koko aliposema kutoka kitandani.

"Paluku, njoo hapa, ukae na muke wako. Muniweke mie kule ku mwisho."

"Mama, kule haiko fasi ya mugonjwa."

"Batoto bamenielezea," alisema. "Ku soko banasema ile kioo inanenepeshaka batu. Ni kweli, Kavira?"

Nilisema ni kweli, Koko, inaongeza.

"Ndio fasi yangu basi. Tangu tulikimbia sijaona mashavu yangu. Bale batazaliwa nyuma, banione na mifupa hii? Munibebe."

Walimbeba. Alikuwa mwepesi sana, Kambale alimwinua peke yake, akamkalisha kwenye kigoda karibu na mlango na mito miwili mgongoni, mke wa Paluku akamfunga kitambaa kipya kichwani. Paluku alihamia katikati, kwa sababu mama akishasema hakuna wa kubishana naye. Mwisho wa pili alisimama mke wa Kambale, mwembamba, akicheka kwamba hata yeye anahitaji kuongezwa. Nilikimbia nje. Mwanga ulikuwa mdogo, kamera ilihitaji nusu sekunde nzima, na katika nusu sekunde mtoto mmoja akijikuna picha imeharibika. Nikawaambia kupitia dirishani tusali Salamu Maria moja, na tukifika "Amina" kila mtu ashike pumzi. Walisali. Amina. Nilibonyeza. Tukasali tena, na tena, mara tano, mvua ikiwalowesha vichwa, na hakuna aliyesogea.

Picha zilirudi kutoka labo ya kusafishia Jumatatu. Papa Kasereka alizitandaza mezani, akachukua kioo chake cha kukuzia, akaanza katikati kama kawaida yake, kwa Paluku, akasogea sura kwa sura hadi mlangoni. Pale alisimama muda mrefu. Koko Katungu alikuwa na mashavu. Alikuwa na mabega ya mwanamke anayelima, na mkono mnene ulioshika goti. Macho yalikuwa yake, na tabasamu lilikuwa la mtu aliyepata alichotaka. Papa Kasereka aliweka kioo chini, akaingia nyuma, akarudi na lile kopo la maziwa, akalisukuma kwangu juu ya meza.

"Muchele uubadilishe kila mwezi," alisema. "Uukaange kwanza, bila mafuta, uache ipoe. Na ufunguo usipoteze."

Nilipompelekea Koko picha yake, aliishika karibu na pua. Alipita na kidole juu ya kila kichwa, akihesabu kwa Kinande, na alipomaliza kumi na sita alisimama juu ya sura yake mwenyewe.

"Huyu namujua," alisema. "Ni mie wa Eringeti. Wasingya, aksanti, mutoto yangu."

Kambale aliondoka kwenda Mutwanga siku mbili baadaye, Paluku akashika njia ya Eringeti juma lililofuata. Koko alifariki kabla ya mavuno ya maharagwe. Kwa kawaida familia hutuletea picha ya kundi, tunakata kichwa cha marehemu kwa makasi na kukikuza kwa ajili ya jeneza. Paluku, aliyerudi kuzika, alikuja na ile picha, na kabla sijauliza alisema, "Hapana kata." Tukaikuza yote, watu kumi na saba, na ndiyo iliyokaa juu ya jeneza. Sijawahi tena kuona hivyo kwenye mazishi, na nimekwenda kwenye mazishi mengi kuliko ninavyopenda.

Haya yote niliyawaza nikiwa nimekaa kwenye saluni ya Beni mwezi uliopita, nikinywa chai yenye tangawizi katikati ya waombolezaji. Mama Kahindo alikuwa kwenye godoro, mzee sasa, sauti ile ile. Mjukuu wake Masika, msichana mwenye kazi yake na simu nzuri, aliwakusanya watoto na wajukuu wa marehemu ukutani akapiga kwa ile "zero virgule cinq" ya simu, yaani sifuri nukta tano, inayoingiza kila mtu. Kisha wakaangalia, wakaangua kicheko katikati ya msiba: wajomba wawili wa miisho walikuwa wametoka na vichwa vya kulala ubavu. Nilicheka nao, machozi yakinitoka. Nikafungua kopo. Lenzi nilishaiwekea pete ya kuiunganisha na kamera ya siku hizi, nayo inafanya kazi bila kununa. Nikawapanga kwa upinde, nikawatoa wajomba miishoni, na mmoja alinung'unika kama inavyopaswa.

"Kavira," aliita Mama Kahindo, "mara hii uingie na weye. Uko mutoto ya nyumba."

Nilimpa Masika kamera, nikamwonyesha aishike sawasawa, kwenye kimo cha kifua, asiiinamishe. Alichungulia, akanyoosha mkono.

"Mama Kavira, njoo hapa katikati, karibu na koko. Kule ku mwisho objectif itakuongeza."

"Ndio maana nakwenda kule," nilisema.

Nikaenda nikasimama mwisho kabisa, karibu na mlango, nikashika pumzi.